Rubani Mwenye Miguu ya Bandia

Katika Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka wa 1939 na kwisha mwaka wa 1945, marubani wengi waliangushwa juu ya nchi iliyoshikwa na adui, wakatekwa. Askari wa nchi kavu, jeshi lake likishindwa, huweza kurudi nyuma pamoja na wenzake. Bali rubani ambaye ndege yake imeharibika juu ya nchi ya adui hana pa kurudi. Huruka kwa mwavuli, akashuka peke yake shambani au msituni, na mara nyingi watu wa kwanza kumfikia ni askari wenye bunduki. Habari hii yamhusu mmoja wao, Mwingereza aitwaye Douglas Bader. Tofauti yake na wenzake ni hii, kwamba hakuwa na miguu.

Bader alizaliwa London mwaka wa 1910. Baba yake alijeruhiwa Ufaransa katika vita vikuu vya kwanza, na mwaka wa 1922 akafa kwa ajili ya majeraha yale yale katika mji wa Saint-Omer. Msomaji na alishike jina la mji huo, maana tutalikuta tena. Mwaka wa 1928 kijana akaingia chuo cha Cranwell, wafundishwapo maofisa wa jeshi la anga la Kiingereza. Alikuwa hodari wa michezo, mwepesi wa mwili, mwenye kujiamini mno, wala hakupenda kukatazwa neno.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Tarehe 14 Desemba 1931, katika kiwanja cha ndege cha Woodley karibu na mji wa Reading, alirusha ndege yake chini chini akaibiringisha hewani, ili watu wauone ustadi wake. Bawa likagusa ardhi, ndege ikavunjika vipande vipande. Madaktari hawakuwa na njia ya kuokoa maisha yake ila kumkata miguu yote miwili, mmoja juu ya goti na mwingine chini ya goti. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja.

Alipopona akatengenezewa miguu ya bandia ya madini mepesi. Waliomtengenezea walidhani kwamba hataweza kwenda bila fimbo. Yeye akaikataa fimbo tangu mwanzo. Akawa akianguka na kuinuka, akianguka na kuinuka, hata akaweza kutembea, kisha kuendesha motokaa, kisha kurusha ndege. Walakini wakubwa wa jeshi hawakumkubali, kwa kuwa katika amri za jeshi hapakuwa na neno lo lote juu ya rubani asiye na miguu, na mwaka wa 1933 wakamwachisha kazi. Akawa karani katika kampuni ya mafuta. Miaka sita akaketi mezani. Vita vilipoanza marubani walihitajiwa sana, naye akabisha hodi tena, akapokewa. Mwaka wa 1940 alikuwa mkubwa wa kikosi kimoja katika mapigano makubwa ya angani juu ya Uingereza, na mwaka wa 1941 akapewa kuongoza vikosi kadhaa pamoja, kutoka kiwanja cha Tangmere.

Tarehe 9 Agosti 1941 aliongoza ndege zake kuvuka mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Ufaransa ya kaskazini ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu mwaka uliotangulia. Mapigano yakawaka angani, na katika ghasia ile mkia wa ndege ya Bader ukakatika. Mwenyewe alidhani kuwa amegongana na ndege ya Kijerumani. Watu waliochunguza jambo hilo baadaye wameona kuwa huenda alipigwa na risasi za mwenzake aliyemdhania kuwa adui. Katika vita vya angani mambo hupita upesi kuliko jicho.

Ndege ikaanza kuzunguka na kushuka kwa kasi. Bader akafungua kifuniko kilicho juu ya kichwa chake, akajisukuma nje. Lakini mguu wa kuume ukanaswa ndani. Nusu ya mwili wake ilikuwa nje katika upepo mkali, nusu ndani, na ardhi ilikuwa ikimjia. Mtu mwenye mguu wa nyama na mifupa labda angalikufa pale. Bader akaufungua mwavuli vivyo hivyo. Mwavuli ulipotanda ukamvuta kwa nguvu, ukanda ulioufunga mguu wa bandia ukakatika, naye akachomoka, mguu ukaenda na ndege. Akashuka katika nchi ya Ufaransa akiwa na mguu mmoja wa madini, na askari wa Kijerumani wakamchukua.

Wakampeleka hospitali katika mji wa Saint-Omer. Ndio mji ule ule aliofia baba yake miaka kumi na tisa nyuma.

Hapo mambo yalikwenda kwa namna isiyotazamiwa katika vita. Karibu na mji huo palikuwa na kambi ya ndege za Kijerumani, na mkubwa wake, Adolf Galland, alikuwa rubani mashuhuri kama Bader. Wajerumani wakautafuta ule mguu katika mabaki ya ndege, wakaupata umepondeka, wakautengeneza, wakamrudishia. Kisha Galland akamwalika kambini kwake, akamkaribisha kwa heshima, akamruhusu kuketi katika kiti cha rubani cha ndege ya Kijerumani. Bader akaomba aruhusiwe kuirusha, azunguke juu ya kiwanja mara moja tu. Galland akacheka, akakataa.

Tena Wajerumani wakawapasha habari Waingereza kwa simu ya upepo, kwamba Bader yu hai, na kwamba wanaweza kumletea mguu mwingine. Ndege itakayouleta haitapigwa. Tarehe 19 Agosti mguu ukaja kweli, umefungwa katika sanduku, ukaangushwa kwa mwavuli juu ya Saint-Omer. Lakini ndege zilizouleta zilikuwa za kuangusha mabomu, nazo hazikurudi kwao kwa amani kama Wajerumani walivyotazamia. Zilipokwisha kuangusha mguu zikaendelea na safari kwenda kupiga kituo cha umeme, na mawingu tu ndiyo yaliyozizuia. Wajerumani hawakupendezwa. Ni vigumu kuwalaumu.

Siku zile zile Bader alikuwa akitafuta njia ya kutoroka. Na hapa yafaa kueleza kwanza sheria ilivyokuwa, maana bila kuijua sheria hiyo mtu hawezi kuelewa yaliyofuata. Mataifa mengi yalikuwa yamepatana mjini Geneva mwaka wa 1929 juu ya wafungwa wa vita. Mfungwa wa vita si mhalifu. Amezuiwa tu asirudi kupigana, naye sharti apewe chakula, mavazi, matibabu na ruhusa ya kuandika barua. Akijaribu kutoroka akakamatwa, adhabu yake ni ndogo: kufungiwa peke yake, wala si zaidi ya siku thelathini. Kwa hiyo maofisa wengi waliona kutoroka kuwa kazi yao, kwa kuwa kila askari wa adui aliyewatafuta vichakani hakuwapo katika mapigano. Lakini sheria hiyo ilimlinda askari tu. Mwenyeji aliyemfungulia askari mlango wa nyumba yake haikumlinda hata kidogo. Kwa mwenyeji huyo adhabu ingeweza kuwa kifo.

Katika hospitali ile alikuwapo mtumishi, mwanamke Mfaransa. Akajitia hatarini, akatafuta watu watakaomficha mgonjwa wake, akamletea barua kutoka kwa mume na mke, watu wa hali ya chini tu, wasio na cheo wala mali. Barua ilisema kwamba wako tayari kumpokea nyumbani mwao mpaka itakapopatikana njia ya kumpitisha mbele, na kwamba mwana wao atangoja nje ya hospitali kila usiku. Kila usiku, maana hawakujua ni usiku upi.

Bader alikuwa ghorofani, na mlangoni palikuwa na mlinzi. Akafunga mashuka pamoja yawe kamba, lakini kamba haikufika chini. Chumbani mlimokuwa naye mlikuwa na rubani wa New Zealand aliyekatwa mkono jana yake, naye alikuwa amelala hana fahamu. Bader na mgonjwa mwingine wakavuta polepole shuka alilolalia, wakaliunga na mengine. Kisha wakakisogeza kitanda chake, yeye mwenyewe akiwa juu yake, mpaka dirishani, wakafunga ncha ya kamba hapo. Basi mtu asiye na miguu akashuka ukutani gizani kwa mikono yake, na aliyekuwa uzito wa kuishika kamba ni mtu asiye na mkono, wala hakujua.

Akatembea mwendo mrefu usiku, amevaa mavazi ya jeshi la Kiingereza, katika mji uliojaa askari wa adui. Msomaji na afikiri jinsi ilivyo kutembea mbali kwa miguu ya madini iliyofungwa kwa mikanda katika vigutu, mmoja wao umepondwa na kutengenezwa juzi juzi. Akafika. Wenye nyumba wakampokea, wakamlisha, wakamlaza.

Lakini hospitalini alikuwapo mwanamke mwingine, naye akayajua mambo hayo, akawaambia Wajerumani. Motokaa ya jeshi ikaja mlangoni. Bader akakimbilia bustanini akajificha; askari wakatafuta, wakampata. Alipokamatwa akasema kwamba wenye nyumba hawakujua kuwa yupo pale, kwamba aliingia bustanini mwao kwa siri. Alifanya vema kusema hivyo, lakini hawakumsadiki. Mume, mkewe, na yule mtumishi wa hospitali wakachukuliwa, wakapelekwa Ujerumani kufanya kazi za kulazimishwa. Bader mwenyewe akapelekwa katika kambi ya maofisa.

Tangu hapo akahamishwa kambi baada ya kambi: Warburg, kisha Sagan, kisha Lamsdorf. Kila alipokaa aliwachokoza walinzi. Aliwakatalia amri, akawacheka mbele ya watu, akaona kuwa kila usumbufu anaowapa ni sehemu ya vita vyake. Wafungwa vijana wengi walifurahi sana. Wengine hawakufurahi, maana walikuwa wakichimba njia za kutorokea chini ya ardhi, nao walitaka walinzi wasinzie, wasichokozwe wakaongeza upekuzi. Tena adhabu ya kambi haichagui. Mmoja akitukana, wote hunyimwa. Yasimuliwa kwamba siku ya kuondolewa Sagan alikataa kuondoka, Wajerumani wakaleta askari wengi wenye silaha kumtoa. Ndipo akatoka akapita mbele ya mstari wao polepole, akiwatazama mmoja mmoja, kama jemadari anayekagua gwaride la heshima.

Ilikuwa heri kwake kuondoka. Katika kambi hiyo ya Sagan, usiku wa tarehe 24 Machi 1944, maofisa 76 walipita katika njia ya chini ya ardhi wakatoka nje ya seng'enge. Watatu tu walifika kwao. Wengine 73 walikamatwa, na katika hao 50 waliuawa kwa risasi kwa amri ya Hitler, kinyume cha ile sheria ya Geneva.

Huko Lamsdorf, Agosti 1942, Bader alijaribu tena. Kambi ile ilikuwa na askari wa kawaida maelfu, na kwa sheria askari wa kawaida waliotekwa waliweza kutolewa nje kufanya kazi, lakini maofisa hawakulazimishwa kazi. Kwa hiyo Bader, pamoja na rubani mwenzake aitwaye Palmer na wengine watatu, wakajifanya askari wa kawaida wakatoka katika kundi la wafanya kazi. Tumaini lao lilikuwa kufika kiwanja cha ndege na kuiba ndege. Labda wangalifaulu, ila siku zile ofisa mmoja Mjerumani, rubani wa kikosi kile cha Galland, alipita karibu na kambi, akataka kumwamkia adui wake wa zamani. Akabisha mlangoni kwa adabu. Kimya. Akabisha tena. Basi king'ora kikalia, na baada ya siku chache Bader akakamatwa. Salamu ndiyo iliyomponza.

Katika siku zile za kumtafuta, Wajerumani walitoa tangazo lililoeleza sura yake na umbo lake, na kwamba hana miguu, ila hutembea vizuri kwa fimbo. Miaka ishirini baadaye Mbelgiji mmoja, aliyekuwa mfungwa akitumika katika ofisi ya polisi wa siri mjini Leipzig, alimpelekea Bader nakala ya tangazo hilo. Likamchekesha, kwa kuwa tangu aanze kutembea kwa miguu ya bandia hakuwahi kutumia fimbo.

Sasa Wajerumani walikuwa wamechoka naye. Walikuwa wamekwisha kumtishia kwamba watamnyang'anya miguu yake. Tarehe 18 Agosti 1942 wakampeleka Colditz, ngome ya kale iliyo juu ya mwamba kando ya mto Mulde, yenye kuta nene na madirisha yenye vyuma. Humo waliwakusanya maofisa waliokwisha kutoroka kambi nyingine, wakidhani kwamba hakuna awezaye kutoka. Kwa kweli wachache walitoka. Mwingereza wa kwanza kufika kwao kutoka Colditz, Airey Neave, alitoroka Januari 1942, kabla Bader hajaletwa. Wafungwa wengine walijenga kwa siri chini ya paa ndege isiyo na injini, kwa mbao za sakafu na mashuka ya vitanda, wakitaka kuirusha kutoka juu ya ngome. Vita vikaisha kabla haijaruka. Lakini kwa Bader ngome ile ilikuwa mwisho wa njia. Ilikuwa ngazi tupu, nyembamba, za mawe, na miguu yake haikuwa miguu ya kupita juu ya mapaa usiku.

Kwa ajili ya ngazi hizo alihitaji mtu wa kumsaidia. Alipewa Mskoti mmoja, askari wa kawaida wa kazi ya hospitali, aliyetekwa Ufaransa mwaka wa 1940. Mtu huyo alimletea chakula chake, na alipotaka kuoga alivua miguu yake ya bandia, na Mskoti akambeba mgongoni kushuka ngazi mpaka bafuni, kisha akambeba tena kupanda. Hivyo siku kwa siku. Kwa sheria ile ya Geneva, watu wa hospitali za jeshi wakitekwa hustahili kurudishwa kwao, na mwaka wa 1943 Wajerumani wakamwambia Mskoti kwamba zamu yake imefika. Akaenda kwa furaha kumwaga bwana wake. Bader akakataa. Akamwambia kwamba alikuja pale kumtumikia, na kwamba atakaa mpaka wote wawili watakapofunguliwa. Yeye alikuwa ofisa mkubwa, na yule alikuwa askari wa kawaida; neno la ofisa likasimama. Mskoti alieleza mambo hayo mwenyewe katika uzee wake.

Watu wengi wamemsifu Bader, na sifa nyingine ni za haki. Aliporudi kwao alifanya kazi kubwa miaka mingi kwa ajili ya watu waliokatwa viungo, akiwatembelea hospitalini, akiwaonyesha watoto wasio na miguu jinsi ya kutembea. Mwaka wa 1976 akapewa heshima ya kuitwa Sir kwa kazi hiyo. Lakini asomaye habari zake sharti azisome zote. Mtu ambaye hakuvumilia kufungwa hata mwezi mmoja bila kutafuta mlango, alimfungia mwenzake mlango uliokuwa umekwisha kufunguliwa.

Tarehe 15 Aprili 1945 jeshi la Wamarekani lilifika Colditz na wafungwa wakawekwa huru. Bader alikuwa amekaa mikononi mwa adui miaka mitatu na miezi minane. Mwezi wa Mei Galland naye akawa mfungwa, akapelekwa Uingereza kuulizwa maswali, na huko wakaonana tena, safari hii aliye huru akiwa ni Bader. Akamtendea wema kama alivyotendewa, nao wakawa rafiki. Tarehe 15 Septemba mwaka huo ndege 300 zilipita juu ya London kuadhimisha ushindi, na aliyeziongoza alikuwa Bader.

Mskoti alikuwa amefika kwao, miaka miwili baada ya siku ile alipokwenda kuaga. Yule mwanamke aliyewachongea wenzake wa Saint-Omer alihukumiwa na serikali ya Ufaransa kifungo cha miaka ishirini. Na wale wawili, mume na mke, waliofungua mlango wao usiku kwa mtu wasiyemjua, walikuwa hai.